Goma: Kadi mama ikiungua, namna ya kuchagua nyingine bila kutupa feza

Umeme unakatika jioni, unarudi baada ya nusu saa kwa nguvu kupita kiasi, taa zinang'aa kama zitapasuka, kisha zinatulia. Wakaaji wa Goma wamezoea. Lakini kwa mwenye sekretariati, yule anayeishi kwa kupiga chapa barua, kutoa fotokopi na kuandika TFC za wanafunzi, dakika hiyo ni ya kushika roho. Asubuhi anabonyeza kifungo cha mashini: feni inazunguka sekunde mbili, inasimama, inazunguka tena, inasimama. Skrini inabaki nyeusi. Fundi anaitwa, anafungua kasha, anapuliza vumbi, anatikisa kichwa na kutaja jina la Kifaransa ambalo kila mtu wa kazi hiyo analijua: carte mère.

Kadi mama ni ule ubao mpana ndani ya kasha ambao vipande vyote vingine vinashikana juu yake. Mashini nyingi za hapa ni za kuunganisha: kasha lilitoka kwa jirani, prosesa ililetwa kutoka Kampala, bareti za RAM zilipatikana Birere, diski ilitolewa katika kompyuta ndogo iliyovunjika skrini. Hakuna kiwanda cha kupigia simu. Ubao ukifa, prosesa nzima, RAM nzima na diski yenye kazi za watu vinabaki kama abiria wa gari lililokatika ekseli njiani Sake. Na ubao wa kuweka mahali pake una masharti mawili: ukubaliane na vipande vilivyobaki, na udumu. Anayekosea hapo amepoteza feza mara mbili, kwa sababu bidhaa iliyopita Dubai, Mombasa na Kampala kabla ya kufika Kivu hairudishwi kirahisi kwa aliyeiuza.

Kwanza, je, kweli ni kadi mama?

Mafundi wenye haraka huilaumu kadi mama mapema mno. Mara nyingi mgonjwa ni mwingine, na anayestahili kushukiwa wa kwanza ni lile kasha dogo la umeme lililo nyuma ya mashini, kwa kuwa ndilo linalopokea kipigo umeme unaporudi. Kulipima si kazi ngumu. Linachomolewa kutoka kwenye vipande vyote, kisha waya wa kijani wa plagi kubwa yenye matundu 24 unaunganishwa na waya mmoja mweusi. Feni yake ikizunguka, multimeta inachukuliwa. Waya wa njano lazima usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa karibu na 3.3.

Hata hivyo kipimo hicho kinaweza kudanganya, maana kasha dhaifu husoma vizuri likiwa halina mzigo, kisha likaanguka likipewa kazi. Jaribio la kweli ni kuazima kasha zima kutoka mashini inayofanya kazi na kuliweka kwa muda. Ni saa moja ya kuombana na jirani, lakini imeokoa kadi mama nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa kifo. Kuna sababu nyingine ya kutoruka hatua hii: kasha bovu likiachwa mahali pake, litaiua na kadi mama mpya, safari hii mbele ya mwenye kulipa.

Baada ya kasha ni zamu ya RAM. Bareti zote zinatolewa, meno yao ya rangi ya dhahabu yanasuguliwa kwa gome ya kufutia penseli, kisha inarudishwa moja tu, kwanza katika nafasi ya kwanza, baadaye ya pili. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloingia kila nyumba ya Goma halina huruma na nafasi hizo nyembamba. Betri ya mviringo, CR2032, nayo inapimwa: ikiwa mpya hutoa volti 3, na ikichoka mashini husahau saa na tarehe. Mtu asiyejua atashangaa kuona kila tovuti inamkatalia kwa kusema muunganisho si salama, kumbe kosa ni kwamba mashini inaamini bado ni mwaka 2010.

Ikiwa baada ya hayo yote ubao umebaki na prosesa, feni yake na bareti moja tu, bila diski wala kadi ya picha, na bado skrini haiwaki, hapo fundi ana haki ya kutangaza msiba.

Kuna ishara nyingine inayoonekana kwa macho. Karibu na prosesa kuna mapipa madogo ya alumini, kapasita, yanayosafisha umeme kabla haujaingia ndani. Kichwa cha kapasita kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, ugonjwa umejulikana. Wafanyabiashara wa zamani wanakumbuka mashini zilizoingia sokoni miaka ya 2000 zikafa kwa makundi: kapasita nyingi zilizotengenezwa Asia wakati huo zilikuwa na maji mabaya ndani, na kampuni kubwa ziliumia. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zilizoharibiwa na tatizo hilo.

Ugonjwa huu una dawa. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaweza kuondoa kapasita tatu au nne na kuweka nyingine zenye kipimo kilekile na volti sawa au zaidi, za aina iliyotengenezwa kwa kazi ya kompyuta. Zisiwe zile zilizong'olewa ndani ya redio ya zamani. Kazi hiyo ikifanikiwa, gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ubao mzima.

Ndoa ya prosesa na soketi

Tuchukue mashini ya kawaida ya sekretariati: prosesa Intel i5-2400 ya mwaka 2011, RAM ya DDR3, kasha la ukubwa wa kati. Mwenyewe anaenda dukani akiomba "kadi mama ya i5". Hapo ameshapotea. Neno i5 halisemi kitu. Soketi hubadilika kadiri vizazi vinavyopita. Soketi LGA 1156 ni ya 2009, LGA 1155 ni ya 2011, LGA 1150 ni ya 2013, LGA 1151 ni ya 2015, LGA 1200 ni ya 2020 na LGA 1700 ni ya 2021. Prosesa ya 1155 haingii katika 1156 hata kama tofauti ni pini moja tu, na mwenye kuilazimisha atavunja vyote viwili. Namba ya prosesa imeandikwa juu ya bati lake. Ifutwe pasta, ipigwe picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo ipelekwe sokoni.

Mtego mbaya zaidi uko katika LGA 1151. Ubao wa mfululizo wa 100 na 200 unapokea prosesa za kizazi cha 6 na cha 7. Ule wa mfululizo wa 300, uliotoka kuanzia 2017, unapokea kizazi cha 8 na cha 9. Soketi ina jina moja, prosesa inakaa vizuri, kifuniko kinafungwa, na mashini haiwaki. Wauzaji wengine hawaijui tofauti hiyo. Wengine wanaijua vizuri sana.

Upande wa AMD mambo ni mepesi kidogo. Soketi AM4 imedumu tangu 2016 hadi prosesa za mfululizo wa 5000, na kwa mtu anayelazimika kununua ubao mpya leo bila feza nyingi, hiyo ndiyo njia yenye majuto machache. Lakini ubao wa AM4 wa mwaka 2017 hautambui prosesa ya 2020 mpaka programu yake ya ndani, BIOS, ifanyiwe mabadiliko. Na kubadilisha BIOS katika mji wenye umeme kama huu ni kamari: umeme ukikatika katikati ya kazi, ubao mzima unaweza kugeuka jiwe. Kazi hiyo ifanywe juu ya onduleur yenye betri nzima tu, au muuzaji aifanye mwenyewe kabla ya kupokea feza. Mbao zenye BIOS mbili, au zenye uwezo wa kuirudisha kwa flashi bila hata prosesa, zinastahili dola chache za ziada hapa kuliko katika mji usiojua giza.

RAM inafuata. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, wala DDR4 mahali pa DDR5; mkato wa katikati hauko sehemu moja. Kwa LGA 1700 kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5, zenye majina yanayofanana karibu herufi kwa herufi, kwa hiyo ni kusoma sanduku hadi mwisho. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani yake: bila kadi ya picha, tundu la HDMI la ubao ni pambo.

Ukubwa nao upimwe kwa rula. ATX ina milimita 305 kwa 244, micro-ATX ina 244 kwa 244. Ubao mdogo unaingia katika kasha kubwa. Kinyume chake hakiwezekani.

Mpya, okazioni, au "mpya ya zamani"

Kwa soketi ya 2011 au 2013 mteja atakutana na bidhaa za aina tatu, na hapa ndipo feza nyingi hupotea.

Ya kwanza ni okazioni iliyong'olewa katika mashini ya kuunganisha ya mtu mwingine. Ikiwa imetoka kiwanda chenye jina, kama Gigabyte, ASUS, MSI au ASRock, na haina jeraha, mara nyingi inashinda mpya isiyo na jina. Kwa mbao za mwanzo kabisa za 1155 kuna jambo moja la kukumbuka: tarehe 31 Januari 2011 Intel yenyewe ilitangaza kosa katika chipu ya mfululizo wa 6, ambapo matundu manne ya diski ya kasi ndogo yanaweza kuchoka polepole na miaka. Kampuni ilikadiria dola milioni 700 za kutengeneza na kubadilisha. Matundu mawili ya kasi kubwa, namba 0 na 1, hayakuguswa. Mwenye kukuta ubao wa P67 au H67 wa wakati huo anaweza kuutumia, mradi diski zake zikae katika hayo mawili.

Ya pili ni ubao ulioondolewa katika kompyuta kamili za Dell, HP au Lenovo zilizotumika katika biro za Ulaya. Unaonekana imara, na kweli ni imara, lakini ulitengenezwa kwa kasha lake. Nyingi kati ya hizo hazina plagi ya umeme ya matundu 24: zina 6, 8 au 14, na kifungo cha kuwasha kina waya wa mpangilio wa peke yake. Adapta zipo, ila ni kununua tatizo jipya juu ya tatizo la zamani. Mtu akiupenda ubao wa namna hiyo, heri anunue mashini nzima.

Ya tatu ni ile inayoitwa mpya kwa sababu imo ndani ya sanduku jipya. Viwanda vidogo vya China vinaendelea kutengeneza mbao za H61 na ndugu zake, na nyingine za "X79" au "X99" kwa prosesa za seva, wakitumia chipu zilizong'olewa katika vifaa vya zamani. Wakati mwingine chipu iliyo chini ya bati siyo ile iliyoandikwa juu. Baadhi zinafanya kazi miaka. Shida ni kwamba hakuna ukurasa wa kupakua BIOS, bati la kupoza sehemu ya umeme ni jembamba au halipo, na hakuna anayejua kundi lijalo litakuwaje. Kwa mtoto anayejifunza nyumbani, sawa. Kwa mashini inayolisha familia, hapana.

Mbele ya meza ya muuzaji

Mnunuzi mwenye akili huenda Birere na taa ya simu, prosesa yake, bareti yake na, akiweza, kasha lake la umeme analoliamini. Kabla ya kuuliza bei anafungua soketi. Katika mbao za Intel, tangu LGA 775 ya mwaka 2004, pini ziko ndani ya ubao wenyewe, nyembamba kama nywele. Taa ikipigwa kwa pembeni, safu zote lazima zing'ae sawasawa. Doa moja jeusi au mstari uliopinda maana yake pini imelala. Kama ubao hauna kifuniko cha plastiki juu ya soketi, basi umetembea uchi kutoka Guangzhou au Kampala, na uangaliwe mara mbili.

Kisha macho yanapita juu ya kapasita. Zile ngumu zenye kichwa bapa bila mikato ni bora kuliko zenye plastiki kuzunguka mwili. Baadaye upande wa nyuma: alama za kuchomelea upya, mng'ao wa dawa iliyooshwa vibaya, kutu ya kijani kibichi karibu na tundu la mtandao. Harufu pia inasema. Ubao uliowahi kuungua haupotezi harufu yake upesi.

Halafu uwashwe palepale, kwa vipande vya mnunuzi. Kuona picha ya kwanza kwenye skrini hakutoshi, kwa kuwa ubao unaweza kuwaka na bado kuwa na nafasi moja ya RAM iliyokufa au matundu ya USB yasiyojibu. Flashi yenye Ubuntu inayowaka bila kuingizwa kwenye diski inaruhusu kujaribu sauti, mtandao, kila tundu la USB na kila tundu la diski katika robo saa. Na garanti ikijadiliwa, isiwe ya mdomo. Mahali pa siku mbili, mnunuzi aombe wiki, aandikiwe karatasi yenye namba ya ubao, kisha usiku wa kwanza nyumbani aache Memtest86 ikimbie hadi asubuhi. Kosa moja jekundu linatosha kurudi dukani.

Muuzaji anayekataa ubao ujaribiwe mbele yake ameshajibu swali.

Diski isisahauliwe

Wengi hubadilisha ubao kwa furaha, kisha wanakuta kazi zao zimefungwa. Windows ikiwa imewasha BitLocker, ufunguo wake unaweza kuwa umefungwa na chipu ya usalama iliyo katika ubao uliokufa au katika prosesa. Ubao mpya utaomba namba ya tarakimu 48 ambayo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Akaunti ikiwa ni ya fundi aliyeingiza Windows miaka mitatu iliyopita, ni kumtafuta fundi huyo. Leseni ya Windows iliyokuja na ubao wa zamani nayo kwa kawaida hubaki nao.

Hapo linaingia swali la kuruka kizazi. Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mashini ya 2011 itaendelea kuandika barua, na kwa Linux itaendelea kwa usalama zaidi, lakini mwenye kulipa feza nzuri kwa kadi mama ya LGA 1155 afanye hesabu kwanza: bei yake ikikaribia nusu ya bei ya mashini nzima ya okazioni ya kizazi cha 8, ni bora kuacha kumfufua mzee. RAM yake ya DDR3 na prosesa zitapata mnunuzi, na diski itahama bila shida.

Adui yuko ukutani

Ubao mzuri uliochaguliwa vizuri unaweza kufa wiki ya pili ikiwa chanzo cha kifo cha kwanza hakijaguswa. Katika Kivu chanzo hicho si umeme wa mji peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na miaka ya vipimo vya setelaiti ya NASA uliiweka Kabare, upande wa Bukavu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi haihitaji kupiga nyumba: inaingia kwa waya wa antena ya intaneti, inapita katika tundu la mtandao na kutoka kupitia kadi mama. Mashini yenye waya wa antena juu ya paa ichomolewe pande zote mbili mawingu yanapoanza kunguruma.

Stabilizateri husaidia volti ikishuka na kupanda polepole, ila zile za bei ndogo hazina haraka ya kuzuia kipigo cha ghafla. Kinachosaidia zaidi hakigharimu kitu: umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na irudishwe dakika tano baada ya umeme kurudi. Onduleur nzuri ni hatua ya pili. Waya wa ardhi ni wa tatu, ingawa mtu aliyejaribu kupiga fimbo ya chuma ndani ya mawe ya volkano ya Goma anajua ni jasho kiasi gani.

Na joto. Kapasita iliyoandikwa digrii 105 na saa 2,000 itaishi, kwa makadirio ya wahandisi, mara mbili zaidi kwa kila digrii 10 zinazopungua. Ikifanya kazi kwenye 85 ni saa 8,000, yaani kama miaka miwili kwa mashini inayowaka saa 10 kila siku. Ikifanya kazi kwenye 65 ni saa 32,000, karibu miaka tisa. Tofauti kati ya hiyo miwili na hiyo tisa mara nyingi ni feni iliyojaa vumbi, na brashi ya rangi inayouzwa Virunga sokoni inatosha kuisafisha kila mwezi, mashini ikiwa imezimwa na plagi iko chini.